Zoezi linalokubali kukatizwa

Saa kumi na moja na robo alfajiri nilikuwa nimeshafunga kamba za raba. Nikaufungua mlango wa chumba huku nikiuinua kidogo ili bawaba zisilie, nikanyata hadi sebuleni, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo niliposikia: "Mama, mkojo." Huyo ni mkubwa, ana miaka mitatu. Nilipomaliza naye, mdogo wa miezi tisa alikuwa ameshaketi kitandani anadai ziwa. Raba nilizivua saa moja kasorobo. Hata getini sikuwa nimefika.

Asubuhi za namna hiyo zilipofuatana wiki tatu nikajiita mvivu. Kabla ya kuzaa nilikuwa mtu wa kukimbia Jumapili na wenzangu hadi ufukwe wa Coco Beach hapa Dar na kurudi, kwa hiyo jina hilo liliniuma. Halafu Jumamosi moja nikaamua kuandika kwenye simu kila nilipojikuta nina mikono mitupu. Dakika saba, mdogo akigonga sufuria kwa mwiko. Dakika kumi na moja, wote wawili wamelala kwa wakati mmoja, muujiza. Dakika nne nikisubiri maharage yachemke. Tisa, sita, nyingine saba, na ishirini za usiku baada ya nyumba kutulia. Nilipojumlisha nikapata dakika 64.

Basi muda ulikuwepo. Ila ulikuwa umekatwakatwa kama mchicha, na aliyeshika kisu ni mtoto. Kati ya vipande vyote saba, hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukitaja jana yake kwamba kitaanza saa fulani na kuisha saa fulani. Ratiba za mazoezi tunazopewa, za jimu, za vikundi vya jogingi, za kwenye simu, karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye saa nzima inayojulikana mwanzo wake na mwisho wake. Mzazi wa watoto wadogo anapozifuata anashindwa siku ya tatu, kisha anajilaumu. Swali lake halisi si namna ya kupata saa moja. Ni zoezi gani linaweza kukatizwa katikati na bado likawa limefanya kazi yake.

Hapo ndipo sayansi, kwa mara moja, imekuja upande wetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulimtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na ukaweka sharti kwamba kila kipindi kisipungue dakika 10. Chini ya hapo hakihesabiwi. Mwongozo mpya wa 2020 ulibaki na dakika 150, ukaongeza kwamba ukifika 300 ni bora zaidi, ukasema kama zoezi ni la nguvu basi 75 hadi 150 zinatosha, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Lile sharti la dakika 10 likaondolewa. Ushahidi uliokusanywa katikati ya miaka hiyo haukuonyesha sababu ya kuzitupa dakika nne za maharage. Nne ni nne, ilimradi moyo umepandishwa.

Sasa "wastani" ni nini? Kipimo rahisi hakihitaji saa ya mkononi: zoezi likiwa la wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Likiwa la nguvu, maneno yanakatika baada ya machache tu na lazima uvute pumzi. Ukiweza kuimba taarab yote bila shida, hapo unatembea tu.

Nikifika hapa huwa naulizwa swali moja, na mara nyingi muulizaji ni mama mkwe: mama anayelea watoto anashinda amesimama, anafua, anadeki, anabeba, sasa mazoezi mengine ya nini tena? Swali ni la haki na jibu lake lina pande mbili. Watafiti hupima ukali wa shughuli kwa kulinganisha na mwili uliokaa kimya. Kukaa ni 1. Zoezi la wastani linaanzia 3. Kuosha vyombo hakufiki 3. Kudeki na kufagia kwa bidii kunavuka 3 kidogo. Kutembea haraka, ile ya kuwahi basi la mwendokasi, kunapita hapo vizuri. Kwa hiyo kazi za nyumbani zinahesabika kwa vipande, lakini nyingi zinakaa chini ya mstari: zinachosha miguu na mgongo bila kuufikisha moyo pale unapotakiwa. Ndiyo maana unaweza kulala hoi kila siku na bado ukahema ukipanda ghorofa mbili.

Upande wa pili nausema kwa sauti zaidi. Mwanamke anayepandisha ndoo ya lita 20 kichwani mara nne kwa siku anabeba kilo 20 kila safari. Huyo simwandikii makala hii. Anachohitaji ni bomba karibu na usiku wa kulala. Nawaandikia sisi tuliohamia kwenye viti, wenye kazi ya kompyuta mchana, foleni jioni na watoto usiku.

Kwamba kiti kina gharama tulijua zamani. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva alikaa zamu nzima, konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na walipopatwa mara nyingi ulikuwa mwepesi zaidi. Baadaye Morris akaenda kukagua vipimo vya suruali za sare na kukuta madereva wana viuno vipana kuliko makonda, ishara kwamba huenda watu hao walitofautiana tangu walipoajiriwa. Napenda kwamba alijikagua mwenyewe namna hiyo. Hata hivyo tafiti zilizofuata kwa miongo mingi zimelithibitisha lile la msingi, nami kila nikipanda daladala namtazama konda anayening'inia mlangoni kwa heshima fulani.

Ushahidi wa karibuni zaidi ni mtamu kwa mzazi, ila uchukuliwe kwa tahadhari. Mwaka 2022 kikundi kilichoongozwa na Emmanuel Stamatakis wa Chuo Kikuu cha Sydney kilitazama takwimu za watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi kabisa, lakini walivaa kifaa cha mkononi kinachorekodi mwendo. Waliokuwa na vipindi vitatu hivi kwa siku vya kujitutumua, dakika moja au mbili kila kimoja, kama kupanda ngazi kwa kasi au kukimbilia basi, hatari yao ya kufa katika miaka ya ufuatiliaji ilikuwa chini kwa asilimia 38 hadi 40 kuliko wasiokuwa na vipindi hivyo. Tahadhari yenyewe: wengi wao walikuwa na umri wa miaka sitini hivi, si wazazi wa watoto wachanga, na utafiti wa kutazama tu hauwezi kuapa kwamba kujitutumua ndiko kulikowaokoa. Pengine aliye mzima ndiye anayekimbilia basi. Lakini mwelekeo unaungana na ule wa mwongozo, na dakika mbili hata mimi ninazo.

Rafiki mmoja wa ofisini aliposikia habari hizi akaniambia, "Basi fanya tabata." Nikamwambia Tabata ndio mtaa ninaoishi, sasa nifanye ipi, ya Bima au ya Segerea? Kumbe alimkusudia Izumi Tabata, mtafiti wa Japani ambaye mwaka 1996 alichapisha matokeo ya zoezi la sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, kurudia mara saba au nane. Dakika nne kwisha. Wanaoliuza zoezi hilo mtandaoni hawasemi kwamba washiriki wake walikuwa vijana wanaosomea michezo, kwamba walipanda baiskeli za maabara, na kwamba ukali wenyewe ulikuwa wa kumwacha mtu hana hali. Sisi wa sebuleni hatufiki huko na hatulazimiki kufika. Tunaazima umbo lake tu: sekunde 20 kuchuchumaa na kusimama, pumzika, sekunde 20 kupiga pushapu ukutani au sakafuni, pumzika, sekunde 20 za kichura kama bado magoti yanakuvumilia. Kichura nilikichukia shuleni kwa sababu kilikuwa adhabu. Ajabu ni kwamba mwanangu anadhani ni mchezo bora kuliko yote duniani.

Lakini yote hayo yanangoja jambo moja kwa aliyejifungua. Mwili una kalenda yake, na pwani na bara tuliijua kabla ya miongozo: arobaini. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, analetewa uji wa pilipili manga au mtori, habebi ndoo. Yapo ndani yake ya kujadiliwa, kwa mfano maji ya moto kupita kiasi juu ya kidonda cha operesheni si jambo la kuchezea. Kiini chake, kwamba wiki hizi si za kujipima nguvu, ni sahihi. Wasichokipenda madaktari ni kulala tu siku zote arobaini. Kutembea kidogo kidogo ndani ya nyumba, hata kwa aliyepasuliwa, kunasaidia damu isigande miguuni.

Kinachosahaulika ni sehemu isiyoonekana. Misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na haja kubwa, sakafu ya nyonga, imebeba mtoto miezi tisa na pengine imempitisha. Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kuhusu kuizoeza, na mpaka leo mazoezi hayo yanaitwa kwa jina lake. Unakaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, unashikilia sekunde chache, unaachia kabisa, unarudia. Unaweza kuyafanya kwenye daladala na jirani yako asijue. Ukikohoa au kucheka ukavuja mkojo, usiambiwe kwamba ndivyo akina mama walivyo: ni kawaida kwa maana ya kuwapata wengi, si kwa maana ya kuachwa. Mweleze mkunga au daktari kabla hujaanza kuruka kamba.

Halafu kuna tumbo. Misuli miwili mirefu ya mbele hutengana wakati wa mimba na kwa wengi husogeleana tena taratibu. Haraka ya kupiga sitapu ili "kuondoa tumbo la uzazi" ndiyo ninayoiogopa. Ukijaribu kuinuka na ukaona katikati ya tumbo panatunga kilele, acha, rudi kwenye mazoezi ya kupumua na kukaza taratibu. Kwa kukimbia, wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza walishauri mwaka 2019 kwamba mtu asirudi kabla ya miezi mitatu tangu kujifungua, na hata hapo awe hana maumivu, uzito wa kushuka chini wala kuvuja. Mimi nilirudi mwezi wa pili kwa mtoto wa kwanza, kwa kiburi. Nilijuta kwa nusu mwaka.

Na maziwa? Niliambiwa nikitoka kukimbia nikamue kwanza nimwage, kwa sababu yamepata moto. Hayapati moto wa kumdhuru mtoto. Mwaka 1994 Kathryn Dewey na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Davis waliwafuatilia akina mama wanaonyonyesha kwa wiki 12, baadhi wakifanya mazoezi na wengine hawafanyi, na wingi wa maziwa haukupungua. Kunyonyesha kabla ya kutoka kuna faida nyingine, ya kawaida kabisa: unakimbia bila mzigo kifuani. Tafuta sidiria inayoshika. Na ule, maana kunyonyesha pekee kunachukua hadi kalori 500 hivi kwa siku. Mazoezi ya kujinyima chakula mwezi wa tatu ni mashindano na mwili ambao unalisha watu wawili.

Watu hupenda kunitajia Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya: alijifungua mwaka 2018, akapata medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia ya Doha 2019, dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021. Nampenda sana. Ila yeye kukimbia ndiyo ajira yake, ana kocha na kambi. Kumlinganisha na karani wa Posta anayepanda gari mbili kwenda na kurudi ni kumwonea karani.

Nilichelewa kuona kwamba watoto wenyewe wana mwongozo wao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kwa siku, asiyetambaa bado awekwe kifudifudi angalau dakika 30 akiwa macho, na mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, wakataja viti, vigari na hata mgongo wa mlezi. Mgongo! Kwa hiyo kanga ina kikomo chake. Lakini ndani ya saa hiyo kuna nafasi nzuri: mtoto ambaye shingo imekaza, kilo tisa mgongoni, dakika 30 za kutembea kwa kasi kwenye mtaa wenye kilima, kisha anashushwa atambae. Kukimbia naye mgongoni hapana, kichwa chake hakijawa tayari kwa mtikisiko huo.

Wa miaka mitatu ni kisa kingine. Ukitoka naye kutembea hatembei, anazurura: anaokota kizibo, anamsalimia mbuzi, anakaa chini. Mwendo wake hautaupandisha moyo wako hata kidogo. Dawa ni kuacha kumtembeza na kukubali kukimbizwa. Kombolela, ukuti, mchakamchaka wa kuzunguka nyumba mara kumi. Majirani watauliza, "Unamkimbia nani?" Waonyeshe.

Sasa nifike panapouma. Zoezi linaweza kukatizwa mara mia, lakini kuna moja lisilokubali: kutoka nje peke yako. Na hilo haliamuliwi na nidhamu yako. Linaamuliwa na nani amemshika mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na baba siku zisizopungua 3. Kenya baba anapata wiki mbili. Siku tatu zinatosha kumleta mama nyumbani na kununua supu. Baada ya hapo kila mmoja ameshika njia yake, na kufikia mwezi wa sita baba amerudi kwenye mpira wa maveterani kila Jumamosi bila kuomba ruhusa kwa mtu, wakati mama akitaka nusu saa analazimika kuandaa kikao.

Nyumbani kwetu ilichukua ugomvi mmoja na karatasi moja iliyobandikwa kwenye friji. Jumamosi asubuhi ni yake na maveterani wake. Jumapili kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili ni yangu. Anayebaki anabaki kweli, hapigi simu kuuliza nepi ziko wapi. Wiki ya kwanza alipiga mara nne. Ya tatu hakupiga, na nilimkuta amemfunga mdogo mgongoni kwa kanga yangu, fundo limekaa kombo, anageuza chapati. Kwa mzazi anayelea peke yake karatasi hiyo haipo, na sitajifanya nina jibu zuri kwake zaidi ya jirani wa kubadilishana naye zamu. Na tulio na dada wa kazi tukumbuke kwamba saa yetu ya kukimbia mara nyingi ni saa yake ya kuamka mapema. Naye ana mgongo.

Suala la usalama mwanamke halipiti hivi hivi. Alfajiri ndiyo saa pekee ambayo joto la Dar linavumilika, na ndiyo saa ya giza, mbwa na bodaboda zisizo na taa. Ndiyo sababu nilijiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani cha Jumapili, wale wa fulana za rangi moja na nyimbo za kelele. Kasi yao si yangu, lakini watu arobaini hawasumbuliwi na mbwa.

Usingizi nimeuacha mwisho kwa sababu ndio unaovunja mipango yote. Usiku mtoto anapoota meno na umelala saa tatu za vipande, usiamke kwenda kukimbia. Mwili uliokosa usingizi unajikwaa, unaumia, na njaa yake siku hiyo haina breki. Lala. Dakika nne za maharage zitakuwepo mchana. Ila ukiwa umelala vya kutosha na bado umechoka, ule uchovu wa kukaa na kelele, hapo ndipo dakika hizo zinaleta nguvu badala ya kuimaliza, na utaijua tofauti ndani ya sekunde 60 za kwanza.

Wiki iliyopita nilijumlisha tena. Kilima na kanga mara mbili, Jumapili ya kikundi, vipande vya jikoni: dakika 118. Hazifiki 150. Jana jioni nilikuwa sakafuni kwenye mkeka napiga pushapu, mkubwa kando yangu anaruka kichura na kuhesabu anavyojua yeye, moja, mbili, tano, kumi. Nilifika ya sita. Mdogo akatambaa, akapita chini ya kifua changu, akalala chali hapo hapo akinitazama, na ya saba nikabaki nimening'inia juu, siwezi kushuka.